Fataki na Chetezo

Nilikabidhi funguo za ghala Jumatano adhuhuri. Nikapewa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, nikaila hivyo hivyo, nikaenda zangu nyumbani. Jumamosi, hata sijazoea kukaa bure asubuhi kama watu wasio na kazi, simu ikalia. Alikuwa Zuwena, msimamizi wa usalama pale karakana. "Shikamoo ami. Wenzangu wanasema umeondoka na kila kitu kichwani. Tuandikie mambo ya fataki, tuyatie kwenye faili la mafunzo." Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, nitaandika." Sikumwambia kuwa ndani ya faili hilo mna ukurasa mmoja wa uwongo, na kwamba mkono uliouandika ni wangu.

Basi naandika. Vyeo na mishahara hamtaviona humu. Hivyo muulizeni mhasibu, ndiye anayevikumbuka. Mimi nakumbuka meza, koleo, na watu wawili: aliyenifundisha kazi, na niliyemharibia maisha.

Kwa asiyejua, karakana yetu ipo Ibra, huku Oman, nje kidogo ya mji, na kwa kibali cha serikali tunajaza upya maganda ya risasi. Nyingi ni risasi baridi, za mlio tu, kwa ajili ya zile bunduki za kizee ambazo watu wa Sharqiyah huzipiga hewani harusini na sikukuu wakicheza razha. Ganda likishapigwa hurudi kwetu, tunalisafisha, tunalitia fataki mpya matakoni na baruti tumboni, kisha tunaliziba. Fataki yenyewe ni kikombe cha shaba, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kazi yake duniani ni moja tu: kulipuka ikigongwa, ikibanwa au ikipata moto. Watu huiogopa baruti kwa sababu ina jina kubwa. Fataki wanaimimina kiganjani kama mbegu za maboga. Fataki moja inatosha kukutoa jicho, na zikikaa mia ndani ya chombo kimoja, ikilia moja zimelia zote. Hapana ya kusubiri.

Mimi sikuzaliwa na kazi hii. Nilikuja kutoka Unguja na mama yangu nikiwa kijana, nikaendesha gari la maji Samail mpaka mgongo ukaniuma, na mwanzoni mwa miaka ya tisini ndugu wa mama akanipeleka kwa Maalim Khamis. Maalim alikuwa fundi saa, Unguja mjini, zama zile za kabla ya mapinduzi. Alipofika Oman akakuta watu wanavaa saa za betri, zikisimama wanazitupa. "Hawa hawataki fundi," aliniambia, "wanataka duka." Akatafuta kazi nyingine yenye vitu vidogo, akaipata hii. Koleo zake za shaba alizotengenezea saa ndizo alizoshikia fataki mpaka alipokufa.

Siku yangu ya kwanza sikuiona hata fataki moja. Alinikalisha mezani, akanipa sahani mbili na adesi, ndiyo, adesi za kupika mchuzi, akasema nizihamishe moja moja kwa koleo kutoka sahani hii kwenda ile. Nilidhani ananitania. Adesi ya kwanza ikaanguka, nikaendelea. Akaligonga sikio langu kwa penseli.

"Iko wapi ile?"

"Imeanguka, Maalim."

"Najua imeanguka, mimi si kipofu. Iko wapi?"

Nikapiga magoti. Nilitafuta adesi moja nusu saa nzima, nikaipata chini ya mguu wa kabati, nikainuka nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaniambia maneno ambayo baadaye nimeyarudia kwa kila mmoja wenu: fataki iliyoanguka haijapotea, inakungoja. Itangoja kiatu, itangoja ufagio, itangoja mashine ya kufyonza vumbi. Kwa hivyo kazi yote inasimama mpaka ionekane. Wiki nzima nilikula adesi kwa macho. Mke wangu aliponipikia za kweli Ijumaa niligombana naye bila ya sababu.

Sheria zake alizibandika ukutani, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri mno. Kuna mkaguzi mmoja mgeni alisimama mbele yake, akadhani ni dua, akasema amin. Na kwa kweli ilikuwa dua. Fataki ikae ndani ya pakiti yake ya kiwandani, yenye kitundu cha kila moja peke yake, mpaka dakika ya kuitumia. Isimiminwe kwenye chupa, kopo wala bakuli, maana kule kutengwa ndiko kunakozuia moja isiamshe mwenziwe. Mezani pakiti moja, nyingine zote zikae ghala la ng'ambo ya ua. Miwani usoni tangu unaingia mpaka unatoka. Gusa kwanza fimbo ya shaba iliyofukiwa ardhini, umeme wa nguo ukutoke. Fataki ikikataa kuingia usiilazimishe. Nawa mikono kabla ya kula, kwani fataki huacha sumu vidoleni. Moto usivuke kizingiti. Na ya mwisho kabisa, aliyoipigia mstari: Mgeni hukaribishwa nje.

Hiyo ya mwisho ilinichoma roho miaka yote. Nyinyi vijana mliozaliwa hapa hamuwezi kuelewa. Sisi tulipokuja, tuliitwa watu wa Zinjibar hata na watu wa kabila letu wenyewe. Kiarabu chetu kilichekwa. Mavazi yetu yakachunguzwa, wali wetu ukanuswa. Kitu kimoja tu tulichoweza kuonesha kuwa na sisi ni watoto wa watu ilikuwa adabu: kahawa, tende, haluwa, na udi mwishoni. Na mnajua desturi: udi ukishapitishwa, mgeni hujifukiza ndevu na nguo, akaaga. Baada ya udi hakuna kukaa. Ndiyo njia ya heshima ya kumwambia mtu nenda, bila ya kumwambia nenda. Sasa mimi, niliyekuwa nikihesabu kila neno langu nisichekwe, nimsimamishe mzee wa watu mlangoni juani? Nilimwambia Maalim, "Watasema hatujui kupokea watu."

Akacheka. Alikuwa amejenga kibanda cha makuti nje ya lango, mkeka na birika la kahawa, na huko ndiko alikopokea wakubwa na wadogo. "Mgeni wangu nampenda," akasema, "ndo maana simuingizi."

Kesi ngumu tulizipata. Mtu mmoja wa Al Mintirib alikuja na gari lake kupitia mchangani na chupa ya kahawa ya unga kati ya mapaja. Ndani mna fataki, zaidi ya mia mbili, zinagongana chaka chaka chaka kila gari likiruka. Alikuwa amezitoa kwenye pakiti ili zisichukue nafasi! Maalim alipoiona ile chupa uso ulimgeuka rangi. Hakupiga kelele. Alimwambia yule bwana, kwa sauti ya kumwambia mtoto, aiache hapo hapo juu ya kiti na ashuke. Akatutoa sote, akafunga barabara kwa kamba ya nguo, tukawangoja polisi wenye kazi yao waje na sanduku lao la mchanga. Saa nne nzima tulikaa juani. Yule bwana alilalamika kuwa kahawa yake imechelewa.

Mwingine, mkulima wa Misfat, alileta maganda ya babu yake yaliyokutwa sandukuni, fataki bado nzima matakoni, anataka tuzing'oe kwa msumari na nyundo. Aliyekuwa mezani siku hiyo ni mwenzangu Rashid. Rashid akamkatalia, kwa upole, mara tatu. Mkulima akaondoka amekasirika. Wiki ya pili akarudi mkono umefungwa bendeji, na kikapu cha tende cha kuomba radhi. Tulizila zile tende kwa huzuni, lakini tulizila.

Na sasa nimefika kwa Rashid.

Alikuwa rika langu, mtu wa Sur, wazee wake walirudi kutoka bara, Tabora. Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Yeye akisema shule, mimi nikisema skuli, tukigombana kutwa nani kasoma. Mtu wa maskhara, lakini akishavaa miwani hasemi neno. Mikono yake ilikuwa bora kuliko yangu. Nnaandika hivi kwa sababu kwenye faili imeandikwa vingine. Katika miaka minne niliyokaa naye meza moja sikumuona akiangusha fataki hata moja bila ya kuitafuta, wala akiilazimisha iliyokataa. Wakati wa chai alikuwa hana mazungumzo ila binti yake, wa miaka mitano, aliyekuwa akimfundisha kuhesabu kwa maganda matupu. Binti huyo ndiye Zuwena.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa harusi, joto la kukausha mate. Maalim alikwenda Nizwa, binti yake kajifungua. Kabla ya kupanda gari akanishika bega: "Suleiman, nnakuachia chumba. Sikukuachia majlis ya wageni." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Upepo wa wiki iliyopita ulikuwa umelibomoa paa la kile kibanda cha nje, nami nilikuwa nimeahidi kulitengeneza. Sikulitengeneza.

Baada ya saa nne asubuhi mgeni akaja. Mzee mkubwa wa watu, baba wa bwana harusi, risasi za razha ya mwanawe ndizo zilizokuwa juu ya meza yetu. Kaja mwenyewe kutualika. Alisimama mlangoni na fimbo yake, jasho linamtiririka, akachungulia kibanda kisicho na paa, kisha akanitazama akitabasamu. Akaniambia kwa Kiarabu, "Nasikia nyinyi watu wa Zinjibar mgeni hamumuingizi ndani."

Hakuwa na nia mbaya. Nimeyapima maneno yale miaka mingi, ulikuwa utani wa mzee. Lakini mie ulinipata pale pale palipokuwa na donda. Nikasema, "Hasha! Tfaddal, tfaddal, karibu, nyumba nyumba yako!" Nikaufungua mlango wote.

Rashid aligeuka. Mbele yake palikuwa na pakiti tatu zimefunguliwa, si moja, kwa sababu asubuhi mimi nilimwambia kazi ni nyingi tuharakishe. Nikamwambia kwa Kiswahili, mgeni asielewe:

"Ondoa hizo, niweke sinia la kahawa."

"Ngoja nizirudishe kwenye ghala. Dakika tano."

"Dakika tano! Mzee amesimama, yakhe! Zimimine pale, weka chini."

Pale ni wapi? Kopo la haluwa, tupu, tulilokuwa tukitilia vitambaa. Rashid akanitazama. "Sele," akasema, "unakumbuka chupa ya Mintirib?"

"Hii ni ya muda tu. Na vua hiyo miwani, utamkabili mzee wa watu kama mchomelea vyuma?"

Mimi nilikuwa naibu wa Maalim. Akazimimina. Niliisikia sauti yake zinavyoingia, chaka chaka, na nikaongea kwa sauti kubwa ili nisiisikie. Akalisukuma kopo chini ya meza, akavua miwani, akaitia mfukoni.

Tukanywa kahawa. Mzee alikaa, akazungumza, akakumbuka harusi yake mwenyewe, akasahau kuwa ana kwao. Saa ikapita. Nami kazi iko chini ya meza na roho yangu iko chini ya meza. Nilitaka aondoke, na sikuwa na ulimi wa kumwambia. Basi nikafanya kama wafanyavyo waungwana. Nikamwambia Rashid, "Lete udi."

Aliinuka polepole kama mtu anayejaribu kumpa mwenziwe nafasi ya kubadilisha neno. Nilikuwa na nafasi hiyo tangu alipoinuka mpaka alipotoka mlangoni, na tena wakati wote aliokuwa nje anawasha mkaa. Akarudi na chetezo. Moto ukavuka kizingiti. Ule mkaa ulikuwa haujashika vizuri, ule unaotoa cheche. Alimpitishia mzee, mzee akafukiza ndevu, akasema mashallah. Rashid akainama kuongeza kipande cha udi. Mkaa ukaruka. Niliuona ukiruka, kidogo, mwekundu, ukaenda chini ya meza.

Mlio wake sikuusikia vizuri. Masikio yaliziba papo hapo. Niliona meza imeinuka. Mzee alikuwa chini, kanzu imechanika, mguu unavuja damu kidogo, mzima. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Rashid alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, na miwani yake, nzima kabisa, ikimchungulia mfukoni.

"Sele," akasema, "nani kazima taa?"

Ilikuwa adhuhuri. Hatukuwa tumewasha taa.

Madaktari walimwacha na vidole viwili vya mkono wa kulia. Macho hawakuweza kuyaokoa hata moja.

Siku ya tatu akaja mkaguzi, kijana mwenye kalamu mbili. Alitaka karatasi: nini kilitokea na nani alifanya nini. Yule mzee aliulizwa mwanzo. Kwa heshima ya mwenyeji wake, akasema alikuwa akinywa kahawa na hakuona kitu. Alidhani ananisitiri. Rashid alikuwa hospitali, hasemi. Nikabaki mimi na karatasi. Nikaandika kwamba fataki zilimiminwa koponi kinyume cha sheria na mfanyakazi Rashid. Kwamba alikuwa amevua miwani. Kwamba yeye ndiye aliyeingiza chetezo chenye moto chumbani. Chunguzeni, hakuna sentensi hata moja hapo isiyo kweli. Niliacha maneno manne tu: niliyomwambia zimimine, niliyomwambia vua, niliyomwambia lete, na lile la kwanza nililomwambia mgeni. Mkaguzi akapiga muhuri: uzembe wa mfanyakazi. Haki ya Rashid ikaishia hapo, na jina lake likaishia hapo.

Maalim alirudi kutoka Nizwa siku hiyo hiyo. Aliingia chumbani peke yake, akakaa muda mrefu, akatoka ameshika kopo la haluwa lililopasuka kama ua. Akaisoma karatasi. Akaniuliza swali moja.

"Nani alisema karibu?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Una adesi yako imeanguka, Suleiman," akasema. "Mimi sikutafutii."

Aliishi miaka mingine sita. Alinifundisha kila kilichobaki, hakunificha ufundi hata mmoja, lakini maskhara yakaisha na adesi hakuzitaja tena. Alipokufa chumba kikawa changu, na faili likawa langu. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, lakini mimi nilizaa: nilizaa somo. Kila aliyeajiriwa nilimkalisha chini nikamsomea ukurasa ule. Nilikuwa na sauti maalumu ya kuusomea. Nyinyi mlinisikia. Mlikuwa mkitikisa vichwa, mkisema lahaula, mtu gani huyu anamwaga fataki koponi? Nami nikisema, ndiyo, tazameni uzembe.

Na kila Idi nilikwenda Sur kumuangalia. Sikukosa hata moja. Rashid alinipokea vizuri, tukazungumza mambo ya redioni, akaniuliza habari za fulani na fulani. Lile hakulitaja, wala mimi. Udi ukiletwa, yeye alikuwa akikipokea chetezo kwa vile vidole viwili, taratibu, akajifukiza. Mimi nilikuwa nikijidai natoka kupokea simu.

Mwaka jana Zuwena kaajiriwa kwetu, ametoka chuo Nizwa na cheti chake cha mambo ya usalama. Ningeweza kuuruka ukurasa. Lakini watu kumi walikuwa wamekaa na mkuu wa kazi amesimama nyuma, na siku zote huwa nausoma. Nikausoma. Jina nilisema "mfanyakazi mmoja". Yeye alikuwa kiti cha mbele, anaandika. Nilipofika kwenye vidole viwili alivyoachiwa mfanyakazi huyo, kalamu yake ikasimama, kisha ikaendelea.

Wenzake walipotoka akanijia. "Ami, huyo ni baba. Nikimuuliza, tangu mdogo, hunambia mambo ya kazini yabaki kazini. Leo nimejua." Akafunga daftari. "Ahsante. Afadhali nijue, nisije nikawa kama yeye."

Nikamwambia, "Haya mwanangu." Hayo tu. Kesho yake niliandika barua ya kuomba kustaafu, na watu wakadhani ni mgongo.

Hayo ya juu niliyaandika Ibra, siku nne. Haya yaliyobaki nayaandika baada ya kurudi kutoka Sur, kwa sababu niliona si haki Zuwena ayasome kabla ya mwenyewe kuyasikia.

Nilifika asubuhi. Si Idi, kwa hivyo mke wake alishtuka kuniona. Rashid alikuwa ukumbini, redio pembeni. Nikasema nimeandika kitu, nataka kukusomea. Akaizima redio. Nikasoma yote, tangu keki mpaka "haya mwanangu". Nilipomaliza, ile mikono yake ilikuwa magotini.

"Hilo la miwani," akasema. "Umeandika nilivua, au umeandika uliniambia nivue?"

"Nimeandika nilikuambia."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Na karibu? Umeandika ulisema wewe?"

"Nimeandika, Rashid."

Akavuta pumzi. "Mimi nikidhani labda nakumbuka vibaya," akasema. "Mtu akikaa gizani muda mrefu huanza kujitilia shaka. Nilikuwa nikijiuliza, pengine kweli nilivua mwenyewe. Pengine Sele alinikataza, mimi sikusikia. Mtoto akiniuliza, nitamwambia nini, na mimi mwenyewe sijui?" Sauti yake haikupanda. "Na wewe kila Idi ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa sasa."

Nikasema nisamehe. Nililia, sioni aibu kuandika. Nikamwambia kuwa karatasi hii itakwenda kwa Zuwena, kwa mkuu wa kazi, na kwa ofisi ya ukaguzi, na ule ukurasa wa zamani utolewe, na kila atakayefundishwa asomewe huu.

"Mpelekee Zuwena kwanza," akasema. "Leo."

"Leo, inshallah."

Kahawa ilikuwa haijafika. Tende zilikuwa kwenye sahani, bado sijaigusa hata moja. Rashid akageuza uso wake upande wa jikoni.

"Mama Zuwena," akaita, kwa upole, kwa adabu yake yote. "Mletee mgeni udi."

Mke wake akatokea mlangoni, akatutazama, hakuelewa. Kisha akaelewa. Akaenda, akarudi na chetezo, mkaa umeshika vizuri, hautoi cheche. Rashid akakipokea kwa vidole vyake viwili, akaninyooshea.

Nikakishika. Nikajifukiza ndevu na nguo, nikamrudishia, nikavaa viatu, nikatoka.